Kutu, Nyundo na Subira

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka." Nyingine yajibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Kwa miaka mingi nilizichukulia kama nguo mbili sandukuni: mtu huvaa ile inayomfaa siku hiyo. Aliyenifungua macho ni gurudumu la mkokoteni.

Mkokoteni huo aliuacha marehemu baba yetu hapa Nanganga, mahali barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi. Aliuunda kwa ekseli ya gari kuukuu, nao ukabeba magunia ya korosho hadi ghala la chama cha msingi, msimu baada ya msimu. Baba alipofariki, mimi na mdogo wangu tuligombania mpaka wa shamba la mikorosho, tukaacha kusemeshana. Mkokoteni ukabaki chini ya mwembe, maana kila mmoja aliogopa kwamba akiugusa ataambiwa anajimilikisha. Masika saba yaliunyeshea. Nami nilijisifu moyoni kwamba nina subira; niliamini kuwa siku zitatupatanisha.

Msimu mmoja mama alituagiza sote wawili tuutengeneze. Hakuuliza nani mwenye haki. Nilitangulia mimi na nyundo kubwa. Nilifungua nati, nikaligonga gurudumu kwa hasira, likakataa kutoka. Mwishowe ukingo wa habu ukamegeka. Hapo nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, kaka."

Alikuwa mdogo wangu, ambaye ni fundi Nachingwea. Niliitikia, "Marahaba," nikiwa bado nimeshika nyundo.

"Ukiendelea hivyo, kaka, utavunja chuma na kutu itabaki palepale," alisema.

Akanieleza kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana beringi na ekseli, vilivyokuwa vikipishana vizuri, hukabana mpaka vikawa kama kitu kimoja. Tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili, tukagongagonga kidogo kuzunguka habu ili mafuta yapenye. Kesho yake tukarudia, na keshokutwa vilevile. Siku ya nne tuliyafuta mafuta yote, tukaipasha habu moto wa mkaa, kwani chuma kikipata joto hutanuka. Tulipolizungusha, gurudumu lililia kama mlango wa zamani, kisha likaachia.

Ndugu msomaji, nchi yetu hii ya kusini inaijua nguvu ya nyundo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'olea misitu, na reli ikajengwa kutoka pwani. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na fedha zilizopotea zilihesabiwa kwa mamilioni ya pauni. Mitambo ilikuwa na nguvu tele. Kilichokosekana ni kuijua ardhi kwanza. Basi ubaya wa haraka unafahamika.

Lakini ubaya wa kungoja ndio tunaousahau, kwa kuwa huvaa kanzu ya hekima. Nyundo yangu ilimega ukingo tu. Kilicholifunga gurudumu ni ile miaka saba niliyoiita subira. Kutu haihitaji adui; yatosha watu wawili kukaa kimya, kila mmoja akimngoja mwenziwe aanze. Siku hazipatanishi mtu. Zinapita tu, na mvua inanyesha.

Sasa naona methali zile hazigombani. Ya kwanza inamkanya mwenye nyundo, ya pili inamkanya aliyelala. Subira ya kweli imekaa katikati yao, nayo ni kazi: kutia mafuta leo, kugonga kidogo, kurudi kesho hata kama jana hakikusogea kitu.

Mpaka wa shamba bado hatujaumaliza. Lakini katika siku zile nne tulizoinama pamoja tulianza kwa kuombana spana, tukaja kumzungumza baba, na siku ya mwisho tukautaja mpaka wenyewe bila kupandishiana sauti. Jumapili ijayo atakuja tena. Safari hii sitamngoja afike ndipo aniamkie. Nitampokea njia panda.