Maji Tuliyoyavuruga



Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono: wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu, wenzao wakabakiwa na tope. Kondoo hao ndio sisi wa Mzumbe, tukaao chini ya milima ya Uluguru.

Miti ya kandokando hukitia kijito kivuli. Majani yaangukayo majini ni chakula cha wadudu wadogo, nao huliwa na samaki na vyura. Tukifyeka, jua huyapasha maji moto, hewa iliyomo hupungua, na udongo ushushwao na mvua hufunika mawe wanapojificha wadudu hao. Maji yangaliko, lakini uhai umeondoka.

Sisi tuliofundisha watoto kutunza misitu ndio tuliofyeka hadi ukingoni, tupate tuta moja zaidi la mboga. Tope letu lashukia Ngerengere, laingia bwawa la Mindu, yatokako maji ya ndugu zetu wa Morogoro mjini.

Toba ya mdomo haitoshi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 za ukingo wa mto. Tuurudishe nyuma mpaka wa shamba, tupande miti ya asili.

Bwana atusaidie. Amina.