Mwenye Chombo ni Nani?

Anayevuka kwa boti ya injini kutoka Bukoba kwenda visiwa vya Muleba, iwe Bumbire, Ikuza au Goziba iliyo mbali ziwani, huiweka roho yake mikononi mwa chuma asichokijua. Injini ikizimika katikati ya Nyanza, hapana gati wala jirani. Pana upepo, mawimbi, na ujuzi wa wale waliomo chomboni.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kwa nje ni la mafundi, bali kwa ndani ni la maadili. Injini nyingi za kisasa hulishwa petroli kwa injekta: pampu huyasukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, vihisio hupima hewa na joto, na kompyuta ndogo huamua kiasi cha kila mpigo. Injini za zamani hutumia kabureta: hewa ipitapo katika koo jembamba huongeza mbio, shinikizo lake likashuka, na petroli ikavutwa kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Ile ya kwanza ina akili yake. Hii ya pili huazima akili ya fundi. Je, ni haki kuing'oa akili ya injini na kuipachika kabureta, kwa sababu tu kabureta ndiyo inayoweza kutengenezwa na mikono iliyopo?

Wanaosema ni haki wana hoja nzito. Kompyuta ikiharibika, aliye kisiwani hana chombo cha kuisoma wala duka la kununulia nyingine. Kabureta iliyoziba hufunguliwa kwa bisibisi, ikasafishwa, jeti ikazibuliwa, na safari ikaendelea. Kumiliki kitu si kuwa na stakabadhi yake. Mtu asiyeweza kukifungua chake, wala hamjui awezaye, ni mpangaji ndani ya mali yake mwenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ujuzi wa kuazima hauvushi mtu ziwa.

Hata hivyo, wepesi wa kutengeneza usichanganywe na wepesi wa kubadilisha. Pampu ya injekta ikiachwa ilivyo, shinikizo lake huishinda sindano ya kabureta na petroli hufurika. Haina budi kuwekwa pampu ya shinikizo dogo. Katika injini nyingi kompyuta ile ile ndiyo inayoamuru cheche za plagi, hivyo anayeiondoa lazima atafute namna nyingine ya kuwasha moto kwa wakati wake. Tena ziwa hili liko kiasi cha meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane kulinganisha na Mombasa au Unguja. Injekta yenye kihisio cha hewa hulitambua hilo yenyewe. Kabureta iliyopimwa pwani hailitambui: itamwaga petroli kupita kiasi, itoe moshi mweusi, imle mwenyewe fedha na iyachafue maji yanayonywewa na watu wa mwambao, mpaka fundi ampe jeti ndogo zaidi.

Kuna na hatari isiyoonekana. Kabureta ya gari ikifurika, petroli hudondoka barabarani. Katika boti ambayo injini yake imefungwa ndani, mvuke wake hutuama ngamani, nao ni mzito kuliko hewa; cheche moja yatosha. Ndiyo maana kabureta za baharini huundwa ili mafuta yakizidi yarudi ndani ya injini, na juu yake huwekwa kizuizi cha moto. Fundi anayeijua tofauti hii akainyamaza kwa kuwa ya gari ni rahisi, huyo harahisishi kitu. Amewahamishia abiria hatari aliyoikwepa yeye kuilipia.

Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka mji wenye jina hilo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Abiria hapewi nafasi ya kukagua. Hulipa nauli, akapanda, akaamini. Kwa hiyo chombo cha abiria hakiwi cha mwenyewe peke yake: wote waliomo wana haki ndani yake.

Na isidhaniwe kuwa kilicho sahili ni cha ujinga. Katika nchi hiyo hiyo ya Wahaya watu walifua chuma tangu zama za kale. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya matanuri yao, wakieleza kwamba hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuufikia moto. Wataalamu wengine wameijadili na kuipinga hoja hiyo. Lisilo na ubishi ni kwamba wafuaji wale walizijua hewa na kuni zao bila ya kihisio, na kosa la tanuri lilikuwa kosa lao. Tanuri halikuwa na kompyuta, lakini lilikuwa na mwenyewe.

Basi jibu halimo katika injekta wala katika kabureta. Kubadilisha ni haki pale ambapo ujuzi husogezwa karibu na anayebeba dhamana, na gharama zake zikawekwa wazi mbele ya anayepanda. Ni dhuluma pale ambapo akili ya mashine huondolewa bila ya akili ya mtu kuwekwa mahali pake. Kwani kabureta haina kihisio. Fundi ndiye kihisio chake. Akiwa hayupo, au hajali, boti huondoka gatini ikiwa haina akili yoyote, na waliomo hawajui.