Ballet kwa Mtoto wa Maskini?



Martin Luther King alipouawa mwaka 1968, Arthur Mitchell, Mmarekani mweusi aliyekuwa nyota wa New York City Ballet, alirudi kufundisha watoto wa Harlem alikozaliwa. Mwaka 1969, yeye na Karel Shook wakaanzisha Dance Theatre of Harlem. Walifundishia hata kwenye gereji, milango wazi, wapita njia wachungulie.

Sasa, mtaa wenye shida unahitaji ballet ya nini? Si bora unga? Yuda naye aliuliza hivyo kuhusu marhamu ya Betania: dinari 300 zote hizo! (Yohane anasema alikuwa mwizi. Lakini jamani, wengi wanaouliza leo si wezi, wana huruma kweli.)

Mimi naona hivi: ukimpa maskini unga tu, umeshaamua kwamba yeye ni tumbo. Mtakatifu Thoma anafundisha kuwa roho ndiyo inayoupa mwili umbo na uhai. Basi mtoto anayerudia hatua moja mpaka mguu umtii, anayefunzwa ni yeye mzima. Baadaye Mitchell aliwavalisha wachezaji soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao wenyewe, si ile ya waridi iliyozoeleka. Unga haufanyi hivyo.

Ila uzuri nao una bili. Madeni yalisimamisha kundi la maonyesho kuanzia 2004 hadi 2012. Kwa hiyo mzee wa parokia akihoji gharama za sare za watoto wa Utoto Mtakatifu wanaocheza Misani, msimnyamazishe. Mwonyesheni hesabu, halafu mkaribisheni mazoezini Jumamosi.