Mtoto Apewe Zamu Yake

Mtoto akifika miaka mitatu hajasema, akiitwa hageuki, na blenda ikiwashwa anaziba masikio na kupiga mayowe, watu wa nyumbani huanza kuulizana maswali mawili. Amepatwa na nini? Atapona lini? Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kuuliza hayo. Anayeuliza anampenda mwanawe na anaogopa. Ila liko swali la tatu ambalo huchelewa sana kufika, na pengine halifiki kabisa: humu ndani, leo hii, mtoto huyu ana shughuli gani? Ni nani anamngojea afanye kitu? Naandika kwa sababu naamini swali hili la tatu ndilo litakalomfaa zaidi, na mzazi anaweza kuanza kulijibu hata kabla hajapata pesa wala mtaalamu.

Watoto ninaowazungumzia ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wenye usonji (autism), wapo wasioweza kutulia mahali pamoja wala kushika jambo moja hadi liishe, wapo ambao ni hodari wa maneno lakini herufi za kwenye daftari huwapiga chenga. Kwa usonji peke yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Basi hata katika mtaa wako na wangu, si ajabu mtoto kama huyu yupo, hata ikiwa wageni wakija hupelekwa chumba cha ndani wasimwone.

Kufichwa huko kuna chanzo chake. Mtafiti Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2015. Walipouliza usonji huletwa na nini, walitajiwa mapepo, uchawi na laana, pamoja na maradhi na matatizo ya wakati wa ujauzito. Wazazi walikuwa wakihangaika huku na huku, leo kwa mganga, kesho hospitali. Na asije mtu wa mbali akatucheka. Kule Marekani, ambako daktari Leo Kanner alieleza habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943, wasomi walikaa miaka mingi wakishikilia kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Mmoja wao, Bruno Bettelheim, alilieneza dai hilo kwa kitabu cha mwaka 1967, ilhali Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe wa kumzaa alikuwa na usonji, alikuwa ameshaandika mwaka 1964 kwamba asili yake imo mwilini. Mganga alisema lake, profesa akasema lake, na wote wawili wakamwonyesha kidole mwanamke yule yule.

Leo inajulikana kwamba usonji unahusiana sana na urithi, na jinsi ubongo unavyojijenga tangu mtoto akiwa tumboni. Hauletwi na malezi. Kwa hiyo methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo isitumiwe kumchoma mama ambaye mwanawe amejitupa chini sokoni mbele za watu. Ukweli wa methali hiyo uko kwingine. Hali ile mtoto amezaliwa nayo; maisha atakayoishi akiwa nayo, kwa sehemu kubwa, tunayatengeneza sisi tunaokula naye sahani moja.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yaliyotungwa kwa ajili ya walezi wa watoto ambao makuzi yao yamechelewa au yamekwenda njia tofauti, na Kilifi, katika pwani hiyo hiyo ya Kenya, ni mojawapo ya mahali yalikofikishwa. Ni vikao 9 vya pamoja na ziara 3 za kumtembelea mlezi nyumbani kwake, na wanaoyaendesha si lazima wawe madaktari bingwa. Kinachonigusa ni mahali mafunzo hayo yanapoanzia. Hayaanzi na mashine wala vitu vya kuchezea vya bei kubwa. Yanaanza na kucheza, kuoga, kuvaa, kula na kusaidia jikoni. Sababu yake iko wazi ukiifikiria. Watoto wengi wa aina hii hujifunza kwa kurudia, na hakuna darasa linaloweza kurudia somo kama nyumba inavyorudia chai ya asubuhi. Tena jambo alilofundishwa mahali pamoja mara nyingi hubaki pale pale: anaweza kufunga vifungo vya kwenye kitambaa cha mazoezi shuleni, akashindwa na vya shati lake mwenyewe. Akijifunzia pale pale kwenye shati, hana haja ya kulihamisha somo.

Jirani yetu nyanya mmoja ana mjukuu wa kiume wa miaka kama tisa ambaye hasemi. Mtoto huyu hupenda kupanga vitu mstari: vifuniko vya soda, kokwa za embe, viatu vya wageni mlangoni. Wengi waliomwona walitaka azuiwe. Nyanya yake aliona kitu kingine. Anapochagua mchele huweka sinia katikati, yeye upande huu, mjukuu upande ule, na vijiwe anavyovitoa mtoto hupangwa ukingoni mwa sinia, kimoja kimoja, mstari ulionyooka. Nyanya hasemi mengi. Akipata kijiwe hukionyesha, akasema "jiwe", basi. Mchele ukisha kuchaguliwa, sinia inatakiwa jikoni, lakini yeye hainyanyui. Huweka mikono mapajani akangoja. Siku niliyowakuta alingoja kwa muda ambao wengi wetu tungeshaondoka na sinia kitambo. Mwisho mtoto akakishika kiganja cha nyanya yake, akakiweka kwenye ukingo wa sinia, kisha akamtazama. "Haya baba, twende," akasema nyanya, wakaibeba wote wawili.

Mtoto yule alikuwa amezungumza. Ameomba, amemwomba mtu aliyemchagua, na ameitikiwa hapo hapo. Nyanya angekuwa na haraka, ombi lile lisingepata upenyo wa kutoka. Na kile kitu kilichoitwa tatizo, kupenda mistari, kimekuwa sababu ya wali wa nyumba nzima kuliwa bila mawe.

Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa tunayoweza kuikosa kwa wema wetu wenyewe. Huruma ya kwetu ni nyingi, na mara nyingi husema, mwacheni maskini, hajiwezi. Analishwa, anavishwa, anaogeshwa, anapewa simu atulie. Miaka inakwenda. Anafika ishirini, mwili wa mtu mzima, na mama aliyekuwa akimbeba sasa ana maumivu ya mgongo. Hakuna aliyemkosea kwa makusudi. Walimpenda kiasi cha kumfanyia kila kitu, na katika kumfanyia kila kitu wakamnyima nafasi ya kuhitajika. Mtu anayehitajika nyumbani kwake ana heshima ambayo huruma haiwezi kumpa.

Kazi yenyewe si lazima iwe kubwa, na kumfundisha kuna njia zake. Ukimvisha shati, funga vifungo vyote umwachie cha mwisho. Akikizoea, mwachie viwili, na kila mara yeye ndiye anayemaliza, ili ladha ya kumaliza iwe yake. Badala ya kumuuliza anataka nini, jambo linaloweza kumlemea, mwonyeshe hamri mkono huu na ndizi mkono ule, uone jicho au kidole kinaelekea wapi, kisha ukitaje anachokitaka huku unampa. Mpe vijiko avipange kwenye mkeka, kimoja kwa kila mtu. Mpe donge la unga alikande. Watoto wengine hutulia mikono yao inapofanya kazi yenye nguvu. Akifanya, msifu kwa alichokifanya hasa: umeleta jagi, asante. Akikosea, msaidie kwa mkono wako juu ya wake, halafu uuondoe kidogo kidogo siku hadi siku.

Kumpa kazi hakuna maana kama hatujaheshimu mwili wake. Kelele ambayo wewe huisikii tena, yeye inaweza kumwingia kama sindano. Wengine hawavumilii mchuzi uguse wali, wengine lebo ya shati shingoni ni adhabu ya mchana kutwa. Harusini, kwenye spika kubwa na watu mia wanaomvuta mashavu, anaweza kufika mahali akalipuka, akalia, akajipiga. Watu husema mtundu, mama yake hamtii adabu, na kiboko kinatafutwa. Lakini mtoto aliyelemewa hawezi kusikia somo la kiboko. Anachojifunza ni kwamba alipoumia aliongezewa maumivu. Kinachomsaidia ni kuondolewa pale palipomshinda, kupelekwa penye utulivu, na mtu mzima aliyetulia karibu yake bila maneno mengi. Vizuri zaidi ni kumwandaa mapema: kumwambia au kumwonyesha kwa picha kwamba tunakwenda, tutakaa kidogo, tutarudi. Picha hizo zinaweza kuchorwa kwa kalamu ya wino kwenye jalada la daftari la zamani.

Tujiulize pia ni kipi hasa tunataka kukibadilisha ndani yake. Kujitikisa anapofurahi, kupepesa mikono, kurudia neno moja analolipenda, hayo hayamdhuru mtu. Kumhangaisha aache ili watu wasitutazame ni kumtoza yeye gharama ya aibu yetu. Nguvu ya kufundisha tuiweke kwenye yale yatakayompa usalama na uhuru: kula, kwenda chooni, kuvuka barabara, kuomba msaada, kusema hapana akaeleweka.

Ndugu zake nao wanatazama. Dada mkubwa ambaye kila siku anaambiwa mwachie mwenzio, muelewe mwenzio, anaweza kukua na kinyongo asichothubutu kukitamka. Haki yake ni kuelezwa hali ya ndugu yake kwa maneno ya umri wake, na kupata saa yake na mama ambayo haikatizwi. Na ndugu mwenye usonji anapokuwa na zamu yake kama wengine, hata kama ni ya kupanga viatu tu, dada huyo anapata kitu ambacho mahubiri hayampi: anamwona ndugu yake kuwa mwenzake katika shughuli za nyumba.

Mama naye ni binadamu. Mara nyingi usiku halali kwa sababu mtoto halali, na mchana anabeba macho ya watu. Baba wengine hujitenga polepole, kazini, barazani, mwisho katika nyumba nyingine. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo haikuandikiwa mmoja. Baba anayechukua zamu ya kumwogesha mwanawe kila jioni amefanya zaidi ya yule anayetuma pesa na kuuliza kama kuna mabadiliko. Shangazi anayesema niachie Jumamosi, nenda kapumzike, ametoa sadaka kubwa. Majirani nao wana sehemu yao, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa huponyoka nyumbani kimya kimya, na wengi huvutwa na maji. Mtaa unaomjua kwa jina, unaojua kwamba akiitwa haitiki, utamrudisha kabla hajafika kisimani au baharini. Mtaa uliofichwa habari zake hautajua ni wa nani. Mkono mmoja haulei mwana, na mwana huyu anataka mikono mingi zaidi.

Nisieleweke vibaya kwamba nyumba inatosha. Mtoto asiyeitika apimwe masikio kwanza. Mwenye usonji anaweza pia kuwa na kifafa, na kifafa kina dawa hospitalini, hakingojei. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kupata elimu, na mzazi ana kila sababu ya kuidai haki hiyo mbele ya mwalimu mkuu anayesema hatuna nafasi ya watoto kama huyu. Ila shule hufunga saa kumi, kliniki ni mara moja kwa miezi kadhaa, na saa zilizobaki zote ni zetu.

Wazazi wa watoto hawa wana hofu moja ambayo hutamkwa usiku, wawili peke yao: nikifa, atabaki na nani? Sijui jibu la kuwaondolea hofu hiyo yote. Ninachoamini ni kwamba sehemu kubwa ya jibu hutayarishwa sasa hivi, katika mambo madogo yasiyoonekana na mtu. Ndugu walioosha vyombo pamoja naye wanajua akichoka huwaje. Binamu waliocheza naye wanajua sauti ipi humtisha. Naye mwenyewe anajua kufunga shati, kuandaa mkeka, kuushika mkono wa mtu na kuuelekeza pale anapotaka msaada. Mtoto aliyehesabiwa kila siku katika shughuli za nyumba hawezi kusahauliwa kirahisi na watu wa nyumba hiyo. Kwa hiyo tusingoje apone, wala tusingoje aseme. Chakula cha jioni kikiiva, tumpe vijiko, kisha tungoje.