Mficha Dawa

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi maradhi hatuyafichi sana. Presha na sukari tunazitaja hata ndani ya matatu. Tunachoficha ni dawa. Daktari anauliza, "Kuna kitu kingine unatumia?" Unajibu, "Hakuna," na kwa mkoba una kopo la Ayurveda, tiba ya kale ya India. Je, huo ni uongo, ama ni haki yako juu ya mwili wako?

Utetezi wetu huwa mmoja: si ni miti tu? Lakini mti wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia. Karela hushusha sukari. Ukinywa juisi yake juu ya insulini, sukari inaweza kushuka hadi uzirai. Vidonge vya manjano, vilivyokolezwa kuliko manjano ya mchuzi, vinaweza kumwongezea anayemeza warfarin hatari ya kuvuja damu. Tena si kila kopo ni miti. Ayurveda ina tawi la rasa shastra, linalotia madini kwenye dawa makusudi. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipima dawa 70 zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki.

Hata hivyo, deni la ukweli si la mgonjwa peke yake. Wengi hunyamaza kwa sababu wanajua watachekwa. Na kicheko hicho hakina msingi: reserpini, iliyowahi kuwa dawa kubwa ya presha hospitalini, ilitolewa mwaka 1952 kwenye mzizi wa sarpagandha, unaotumiwa na Ayurveda tangu zamani. Daktari anayekejeli anajinyima habari anayoihitaji. Ataona sukari imeshuka, na hatajua imeshushwa na nini.

Mwili ni wako, sawa. Lakini ukimnyima daktari ukweli, unamtwika lawama ya jambo asilolijua. Kwa hivyo beba kopo lenyewe kliniki, uliweke mezani. Na mganga wa Ayurveda naye mwonyeshe vidonge vya hospitali, kisha umuulize waziwazi: humu ndani mna nini? Asipotaka kukujibu, hiyo dawa iache kwake.