Mbiru Mbele ya Mtoto

Mtoto wa miaka sita akigawiwa andazi dogo kuliko la mwenziwe hulia kwamba ameonewa. Haki kwake ni vipande vilivyolingana. Mwalimu wa Shule ya Jumapili kule Usangi, au wa Shule ya Sabato kule Mamba, akitaka kumsimulia mtoto huyo habari za mbiru, hana budi kuanzia kwenye andazi hilo kisha amwondoe hapo, kwani kisa chenyewe hakipimiki kwa maandazi.

Mbiru ilikuwa kodi ya serikali ya wenyeji iliyoletwa katika Wilaya ya Pare wakati wa Vita Kuu ya Pili, juu ya kodi ya kichwa ya Waingereza. Haikuwa sawa kwa wote. Mwenye mali nyingi alikadiriwa zaidi, fukara akakadiriwa kidogo, na machifu wa Upare wakaiafiki. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya kule chini kwenye ukame, wakaketi. Kodi ya kichwa walikuwa radhi kuilipa, mbiru hawakuitaka. Wakawa wanapokezana, hawa wakirudi mashambani, wale wakishuka. Isaria Kimambo, mwanahistoria na Mpare mwenyewe, alikiandikia kisa hiki kitabu mwaka 1971.

Mwalimu Mkristo hukutana hapa na tatizo ambalo aghalabu hulikwepa. Yesu alipomtazama mjane akitia senti zake mbili katika sanduku la hekalu, alipima sadaka kwa kile kilichobaki mkononi mwa mtoaji. Kwa kipimo hicho, kodi inayomtoza tajiri zaidi inakaribia Injili kuliko ile ya kichwa. Je, walioketi Same walikosea?

Njia nyepesi ni kusimulia habari za Wazungu wabaya na Wapare wema. Watoto huipenda, lakini si kweli. Machifu waliokubali mbiru walikuwa Wapare. Waliokaa Same walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja, hata asiwepo mtu wa kusema kwamba kanisa fulani ndilo lililoshinda. Wala aya ya Kaisari, inayopendwa na kila mtawala, haiwahukumu watu hawa: cha Kaisari walikuwa tayari kukitoa.

Walichokikataa ni kukadiriwa. Ng'ombe wa mtu, mashamba yake na mibuni yake vilitiwa thamani kwa kipimo ambacho yeye hakushauriwa juu yake. Jambo hili mtoto analielewa upesi kuliko mkubwa anavyodhani. Mnyang'anye mwanasesere umpe mgeni, hata kama kumpa mgeni ni jambo jema, naye atalia kilio kingine kabisa: hakuulizwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Rehoboamu aliombwa na watu wake awapunguzie mzigo. Wazee walimshauri awasikilize. Yeye akafuata vijana wenziwe, na ufalme ukapasuka. Kwa somo la mbiru, hadithi hiyo inafaa kuliko Daudi na Goliathi, ambayo walimu huikimbilia kila penye mnyonge na mwenye nguvu.

Wapo pia wanawake. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi walitoka kuwakabili wakubwa, wakasema kwamba maadamu serikali imewaweka waume zao Same, basi ama iwarudishe, ama maofisa wenyewe watimize wajibu wa waume hao, hata wa kuwapa mimba. Maneno haya hayasomwi mbele ya watoto wa miaka sita. Lakini kumwacha mwanamke nje ya kisa kwa sababu ya ukali wa ulimi wake ni dhuluma nyingine. Yatosha kuwaambia kwamba mama walikwenda kudai baba warudi nyumbani.

Mbiru ikafutwa. Badala yake ikapandishwa kodi ya kiwango kimoja, hivi kwamba mwenye ng'ombe arubaini na mwenye mbuzi mmoja wakatoa sawasawa. Mtoto wa andazi atapiga makofi kusikia vipande vimelingana. Wa miaka tisa, aliyeketi nyuma, atauliza habari za yule mwenye mbuzi mmoja, na kengele isipigwe kabla swali lake halijazungumzwa.