Juu ya Muda wa Kurudisha Kilichonunuliwa

Kuuza na kununua ni mapatano ya watu wawili, na kwa desturi ya zamani watu hao walikuwa wakitazamana. Mnunuzi aliivuta nguo aone kama ina nguvu, aliunusa mchele, aligonga chungu kwa kidole akasikiliza mlio wake. Baada ya hapo alitoa fedha, na lawama iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe. Ndiyo maana stakabadhi za maduka mengi zingali zikibeba onyo kwamba mali ikiisha kuuzwa hairudishwi. Onyo hilo lina ukali, lakini halikukosa hoja: aliyepewa nafasi ya kutazama akaacha kutazama hana wa kumshitaki ila macho yake.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu huona picha katika simu, hulipa kwa simu iyo hiyo, na mali humfikia ikiwa imefungwa. Twasema juu ya mtu aliyedanganywa kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Basi katika biashara ya intaneti kila mbuzi yumo guniani, mnono na mgonjwa pamoja. Gunia hilo ndilo lililozaa ahadi ya kurudisha. Mwuzaji husema: fungua, tazama, na kama hukuridhika nirudishie kabla siku saba hazijapita. Ahadi hiyo nayo imezaa ugomvi wake. Siku saba zahesabiwa tangu lini? Na siku ya nane ikiingia, je, haki iliyokuwa hai jana imekufa leo? Swali hili laonekana kuwa la wachuuzi, walakini ni swali la kila mtu aliyepata kuahidi jambo kwa siku maalumu.

Natuchukue mfano. Mshonaji mmoja wa Songea anunua cherehani ya umeme kwa mwuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Masharti yasema kwamba mali hurudishwa katika siku saba tangu kutumwa. Mzigo wapakiwa basini, wasafiri zaidi ya kilomita 900, kisha walala siku mbili katika ofisi ya basi kabla mwenyewe hajaarifiwa. Aupokea siku ya nne. Wakati huo mama yake amelazwa, naye ashinda hospitali akimwuguza. Siku ya tisa afungua sanduku, achomeka waya, na mota haizunguki. Apiga simu: "Kaka, hii cherehani haijafanya kazi hata mara moja." Mwuzaji ajibu: "Pole sana, dada yangu, lakini siku zimepita."

Katika mazungumzo haya hakuna mwongo. Mwanamke asema kweli, na mwuzaji asema kweli. Mwanamke ametoa akiba yake ya muda mrefu kwa chombo ambacho kingemlisha. Mwuzaji naye ameichukua cherehani kwa mkopo kwa mfanyabiashara mkubwa zaidi, na mkubwa huyo naye ana siku zake. Hasara ipo, na lazima imwangukie mmoja wao. Ni yupi?

Wanaomtetea mwuzaji wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Husema kwamba biashara haiwezi kuishi bila mpaka. Mwenye duka asiyejua ni lini fedha zilizomo mkononi mwake zitakuwa zake kweli hawezi kuagiza mali nyingine, wala kulipa kodi ya pango. Historia yawaunga mkono. Sheria ya Uingereza ya Kuuza Mali ya mwaka 1893, ambayo kanuni zake zimeingia katika sheria za Kenya na Tanganyika, ilimpa mnunuzi muda wa kadiri ya haki wa kukataa mali mbovu, na ikaacha kadiri hiyo ipimwe kwa hali ya kila jambo. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia, lakini matumizi yake yalileta mashaka. Katika miaka ya 1980 mahakama ya Uingereza ilihukumu juu ya gari jipya lililoharibika injini baada ya wiki kama tatu na mwendo wa maili 140 tu. Mnunuzi alipata fidia, lakini aliambiwa kwamba muda wa kulikataa gari lenyewe ulikuwa umekwisha. Nani angalibashiri hukumu hiyo? Mwaka 2015 Waingereza waliandika idadi: siku 30. Hakika mpaka ulio wazi, hata ukiwa mfupi, humsaidia mnyonge kuliko mpaka mpana uliofichwa katika kichwa cha hakimu.

Basi idadi ya siku ni jambo jema. Lakini yatupasa kuuliza: idadi hiyo yapima nini? Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, maana watu hutumia saa moja kupima mambo mawili yasiyofanana. Jambo la kwanza ni moyo wa mnunuzi kubadilika: rangi haikumpendeza, au kiatu kimembana. Jambo la pili ni aibu iliyomo ndani ya mali yenyewe, ambayo mnunuzi hakuiumba wala hakuijua.

Mafakihi wa Kiislamu, ambao vitabu vyao viliongoza mahakama za makadhi katika pwani yetu, walizitenga saa hizi mbili kitambo. Neno lao khiyari ni ndugu wa neno letu hiari. Katika madhehebu ya Shafii, waliopatana kupeana hiari ya kuvunja biashara bila sababu hawawezi kuvuka siku tatu, na siku hizo ni za mkataba. Lakini hiari ya kurudisha kwa ajili ya aibu huanza pale aibu inapojulikana, na tangu hapo hutakiwa haraka. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13, aliieleza haraka hiyo kwa utu: aliyeigundua aibu akiwa katika sala au chakula na amalize kwanza, na aliyeigundua usiku na angoje asubuhi. Tazama mizani hiyo ilivyo sawa. Haimhesabii mtu siku za ujinga wake, na haimsamehe siku za uvivu wake.

Kwa njia nyingine sheria za leo zimefikia mahali palipo karibu na hapo. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, humpa aliyenunua kwa mbali siku 14 za kujuta bila kutoa sababu, na siku hizo huanza anapoipokea mali, si inapotumwa. Akituma taarifa yake kabla ya siku kwisha, imetosha, hata ikichelewa njiani. Mwuzaji aliyeficha haki hii huongezewa muda wa miezi 12 juu yake. Afrika ya Kusini mwaka 2002 iliweka siku saba, na Uchina mwaka 2014 ikaanza kutumia saba vile vile, zote tangu kupokea. Mali yenye aibu ina sheria yake nyingine, na muda wake ni mrefu zaidi. Idadi zatofautiana, lakini wazo ni moja: siku za mzigo kuwa basini si siku za mnunuzi, kwa kuwa siku hizo hakuwa na cha kutazama.

Tukirudi kwa cherehani, tutaona kwamba mshonaji ana saa mbili mkononi. Kama angalisema siku ya tisa kwamba ameona nyingine nzuri zaidi, mwuzaji angalikuwa na haki ya kumkatalia. Ahadi ya kupokea majuto ni hisani iliyowekewa mwisho, na mwisho wa hisani wafaa kuheshimiwa. Lakini yeye hakujuta. Alinunua cherehani akapewa chuma kilichokufa. Muda uliopita haukuweza kuigeuza mota isiyozunguka ikawa inayozunguka. Mwuzaji anayejificha nyuma ya siku ya saba hapa hatetei mpaka. Anatumia mpaka kuhifadhi bei ya kitu ambacho hakukitoa.

Mwuzaji atauliza: nitajuaje kwamba hakuiharibu yeye? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni ushahidi, si kalenda. Yeye ndiye aliyekuwa na cherehani na umeme mahali pamoja. Angaliiwasha Kariakoo dakika mbili kabla ya kuifunga, akapiga picha inayotembea kwa simu yake, angalikuwa na neno la kusema. Mwenye uwezo wa kutazama ndiye wa kubeba mzigo wa kutotazama. Ni kanuni ile ile ya duka la zamani, ila macho yamehama upande. Na huyo mkubwa aliyemkopesha, naye ahesabiwe kwa kanuni hiyo hiyo, ili hasara ipande hadi ilikotoka badala ya kumzama aliye chini.

Mnunuzi naye asijione malaika. Yuko anayeagiza gauni Jumatatu, akalivaa harusini Jumamosi, na Jumapili, siku ya mwisho, akalirudisha likiwa na jasho na manukato. Huyo yumo ndani ya muda, na ni mwizi. Mshonaji wetu yu nje ya muda, naye ana haki. Maadamu mambo haya mawili yawezekana, hapana budi tukiri kwamba muda haupimi haki. Hupima subira tu. Ni chombo cha kuzuia ugomvi usiishi milele, na chombo chema kikipewa kazi isiyo yake huharibu.

Nini basi kifanywe? Mwuzaji aandike waziwazi si idadi ya siku peke yake, bali siku ya kuanza na jambo linalohesabiwa, na atenganishe majuto na aibu. Mnunuzi afungue mzigo upesi kadiri awezavyo, na akigundua kasoro aseme papo hapo, maana kimya cha mwenye kujua hufanana na ridhaa. Na palipo na shaka ya kweli, wagawane hasara, maana waliamua kuaminiana bila kuonana, na imani hiyo ilikuwa mali ya wote wawili.

Zaidi ya haki lipo jambo lililo juu yake. Mafakihi wale wale walilisifu tendo la mtu kukubali kuivunja biashara kwa ajili ya kumhurumia mwenzake aliyejuta, hali hana wajibu. Hatuwezi kulidai tendo hilo, kwa kuwa likidaiwa si hisani tena. Lakini mji ambao hakuna mwuzaji hata mmoja anayelitenda, na hakuna mnunuzi hata mmoja anayestahili kutendewa, utahitaji siku za mwisho nyingi na mahakama nyingi, na bado watu wake wataogopa kufungua gunia.